Masafa Baina ya Nyumba na Chuo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa katika mwezi wa Julai, na vigelegele na dua za shukurani zikisha kupungua katika nyumba zetu za Unguja na Pemba, huanza shauri jingine lisilo na msahihishaji wala alama, nalo ni shauri la wapi akasome kijana aliyefaulu: akae kisiwani, alale kwao na kwenda Tunguu kwa daladala kila asubuhi, au avuke bahari akasome Dar es Salaam, ambako jamaa hawakosekani, au atoke huko apande treni mpaka Dodoma, ambako aghalabu hana amjuaye, au aende mbali zaidi, Istanbul, Kuala Lumpur au mji mmojawapo wa India. Siku za kuamua ni chache, kwa kuwa aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hupewa muda maalumu wa kuthibitisha, na muda ukipita nafasi huwa ya mwingine. Ndipo jambo litakaloshika miaka mitatu, minne au mitano ya umri wa kijana, na pengine umri wake wote, linapoamuliwa baina ya magharibi na isha, na wazee ambao wengi wao hawajapata kufika huko wanakokuzungumzia.

Nimeketi katika mashauri mengi ya namna hiyo, ya watoto wa jamaa na ya watoto wa majirani, na katika yote nimeliona jambo moja likijirudia, nalo ni kwamba kila mtu huihesabu gharama ya mbali, na hapana anayeihesabu gharama ya karibu. Nauli hutajwa, kodi ya chumba hutajwa, bahari hutajwa, marafiki wabaya hutajwa. Ilhali kusoma nyumbani huchukuliwa kuwa ni bure, kana kwamba kijana anayelala chini ya paa la wazee wake hapungukiwi na kitu. Na hata gharama ya mbali yenyewe huhesabiwa nusu, kwa sababu wengi wa watakaoilipa hawakuitwa katika kikao. Nayaandika haya kwa kuwa naamini vijana wetu wengi, waliokwenda na waliobaki, wamepata tabu ambazo zingaliepukika lau hesabu ingalifanywa yote, tena kwa sauti, kabla ya uamuzi.

Shauri lenyewe ni jipya kwetu. Katika sehemu kubwa ya karne iliyopita Mzanzibari aliyetaka elimu ya juu hakuwa na khiari ya masafa, kwani chuo kilikuwa mbali na hapana kilichokuwa karibu. Waliotafuta elimu ya dini walikwenda Lamu kwenye Riyadha aliyoiasisi Habib Swaleh, au Hadhramaut, au Makka, au al-Azhar ya Misri. Na waliotafuta elimu ya skuli waliitazama Makerere, ambayo ilianza mwaka 1922 kuwa skuli ya ufundi juu ya kilima cha Kampala, ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo kilele cha masomo kwa Afrika Mashariki nzima. Kijana wa Unguja aliyepata nafasi huko alivuka kwa meli mpaka Mombasa, akaishika reli ambayo ilikuwa imefikishwa Kampala mwaka 1931, akapanda nayo mpaka nyanda za baridi ambazo mwili wake haukupata kuzijua, akashuka upande wa pili, akiwa amekwisha kukata zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu baada ya bahari. Marehemu Aboud Jumbe, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Zanzibar, alikuwa miongoni mwa waliosoma huko. Sauti ya kijana wa namna hiyo nyumbani kwao ilikuwa ni barua, na barua ilifika ikiwa habari zake zimekwisha kupitwa na mambo.

Kisha milango ilifunguka mmoja baada ya mmoja, kila mmoja karibu zaidi ya uliotangulia. Mwezi wa Oktoba 1961 chuo kikuu kishiriki kilianza Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Visiwani tulingoja mpaka mwisho wa karne, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilipoanzishwa Tunguu mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hiki tukiitacho SUZA, ambacho leo kina mikono yake Vuga, Beit el Ras, Tunguu na hata Pemba. Dodoma ikafuata mwaka 2007, katika eneo la Chimwaga. Hivyo mjukuu wa mtu ambaye hakuwa na pa kuchagua anazo leo njia nne au tano mbele yake. Na wingi wa njia, kwa asiyezoea kuchagua, huzidisha wasiwasi.

Sasa na tuitazame hiyo gharama ya karibu, ambayo ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa sababu ndiyo isiyotajwa.

Fikiri binti wa Jang'ombe au wa Mwera aliyepata nafasi Tunguu, akakubaliwa na wazee wake kwa furaha kubwa, maadamu hataondoka. Huyu, machoni pa chuo, ni mwanafunzi sawa na mwenziwe aliyetoka Micheweni na kupanga chumba; lakini machoni pa nyumba yao ni binti kwanza, na mwanafunzi akipata nafasi. Anaamka kabla ya alfajiri kwa kuwa maji hutoka saa hizo, anawavisha wadogo zake wa skuli, anawahi daladala, anarudi alasiri akakuta bibi ana miadi ya hospitali Mnazi Mmoja na hapana mwingine wa kumpeleka. Jioni ni zamu yake ya jikoni. Wenziwe waliopewa kazi ya pamoja na mhadhiri wamekubaliana kukutana maktaba baada ya magharibi, naye hawezi, kwa kuwa gari za kurudi mjini huanza kuadimika na mama hatalala. Kisha inaingia arusi ya mtoto wa ami, yenye siku za singo, siku za hina na siku za kupika, na hapana shangazi atakayesikiliza kwamba mitihani ni wiki ijayo, kwani yeye binti hakusafiri, yupo, anaonekana, na aliyepo asipohudhuria ametia dharau. Likitokea tanga, ni hivyo hivyo. Ukihesabu mwisho wa mwaka utaona kuwa huyu tuliyesema anasoma bure amelipa kwa usiku wake, ambao ndio wakati wa mwanafunzi kusoma, na kwamba aliyetoka Micheweni, pamoja na dhiki zake zote, alikuwa na saa tatu au nne za kitabu kila usiku ambazo hakuna aliyemwomba.

Mwana wa kiume hukutwa na jingine. Yeye kazi za nyumbani hazimlemei sana, lakini duka la baba la Darajani halina mtu mchana, na chuo kinaporuhusu saa mbili za mapumziko, duka huzifanya kuwa nne. Usiku anarudi katika baraza ile ile aliyoketi tangu darasa la saba, kwa watu wale wale na mazungumzo yale yale, wala hakuna katika maisha yake kilichobadilika ila daftari. Nimewajua vijana wa namna hii waliomaliza shahada bila ya kupata rafiki mmoja ambaye hawakumjua tangu utoto, na naliona hilo kuwa ni hasara, hata kama cheti kimepatikana.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wazee, wala siyasemi kwa kuudhalilisha ukaribu, ambao una kheri zake zilizo wazi. Anayesoma kwao anakula chakula cha mama yake, anasali nyuma ya baba yake, haijui njaa ya mwisho wa mwezi, na akipata homa usiku anajulikana kuwa ana homa. Katika miaka ambayo mtoto anageuka kuwa mtu mzima, kuwa na mzazi anayemwona uso kila siku ni neema ambayo wengi waliokwenda mbali wangeitamani. Ninalolisema ni kwamba ukaribu una masharti yake, na sharti kubwa ni kuwa nyumba ikubali kumkosa mtoto kwa saa maalumu kila siku kama kwamba amesafiri: kazi zake nyingine apewe mwingine, usiku wa kusoma usiguswe, na jamaa waambiwe mapema, kwa kinywa cha baba mwenyewe, kwamba mwaka huu binti yetu hatakuwamo jikoni katika arusi. Nyumba isiyoweza kutoa saa hizo, na ziko nyumba ambazo kwa udhiki wao kweli haziwezi, basi ijue kuwa kwake mbali ndiko rahisi.

Ama mbali, tuanze na maji, kwa kuwa kwetu sisi safari yoyote ya bara huanza na maji. Baina ya Unguja na Dar es Salaam ni takriban kilomita 70, na boti za siku hizi huzikata kwa muda wa kama saa mbili. Kwa Mpemba mambo ni marefu zaidi, kwani aghalabu ana bahari mbili, ya kufika Unguja na ya kuitoka. Mzazi wa Pemba anaposema kuwa anaiogopa bahari asijibiwe kwa kicheko. Usiku wa Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi, iliondoka Unguja kwenda Pemba ikazama mkondo wa Nungwi na mamia ya roho zikapotea. Na mwaka haujatimia, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ziko nyumba Pemba ambazo zilizika wengi kwa pamoja, na ziko zilizosoma hitma bila ya kuwa na mwili wa kuuzika. Hofu ya watu hao imetokana na mambo waliyoyaona, na kijana anayetaka idhini yao hana budi kuwaonyesha kwamba anajua atasafiri na chombo gani, kwa majira gani ya mwaka, na kwamba kusi ikichafuka atangoja hata akichelewa kuripoti.

Baada ya maji huja fedha, na hapa nitapita upesi kwa kuwa kila mtu anayajua. Mkopo wa elimu ya juu, uwe wa Bodi ya Jamhuri iliyoanza kazi mwaka 2005 au wa Bodi ya Zanzibar, huja na fedha za kujikimu ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, nazo zina siku zake za kuchelewa. Na wiki ngumu kupita zote ni zile za mwanzo, bumu halijaingia, dakhalia imejaa, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa pamoja. Mzazi asiyeweza kuweka akiba ya kukivuka kipindi hicho, mkopo ukija au usije, asimpeleke mtoto mbali kwa kutegemea ahadi. Mengine yatapatikana: mtungi mdogo wa gesi utanunuliwa kwa kuchangia, watapika kwa zamu, mama ntilie atawajua kwa majina, na kopo la samli, papa mkavu na halua ya Wete vitafika kwa mkono wa anayerudi likizo.

Kuna hesabu nyingine ambayo wazee huificha ndani ya maneno mengine, na ambayo nadhani ndiyo iliyo moyoni mwao hasa, nayo ni hesabu ya mauti. Baba anasema kuwa Dodoma ni mbali, na ukimsikiliza vizuri utasikia anachosema ni kwamba, nikifa hatoniwahi. Neno hili lina haki ya kuzungumzwa waziwazi. Kwetu maziko hayangoji: aliyefariki usiku huzikwa kabla ya adhuhuri, na aliyefariki asubuhi jua halichwi juu yake. Aliyeko Dar es Salaam huwahi ikiwa saa ya boti imemkubali, na mara nyingi haimkubali. Aliyeko Dodoma ni nadra kuwahi. Aliyeko Kuala Lumpur hawahi kamwe. Kwa hiyo, katika jambo hili moja, baina ya Dodoma na Kuala Lumpur hakuna tafauti kubwa kama inavyodhaniwa, na mzazi anayemruhusu mtoto wake kuivuka Chumbe ameshakubali, ajue asijue, kwamba huenda akazikwa bila ya mkono wa mtoto huyo. Panapotafautiana pahala na pahala ni baada ya maziko, kwani aliye bara hufika kabla ya hitma ya siku ya tatu, akakaa na mama yake na kupokea watu mlangoni, na aliye ng'ambo huwa sauti ya simu tu, ikikatika na kurudi. Kwa nyumba yenye mzee mgonjwa au mama aliye peke yake, ningeifanya hitma ya siku ya tatu kuwa ndiyo kipimo, niulize juu ya kila chuo: je, kutoka huko, kwa nauli iliyopo, mtoto atafika kabla ya siku ya tatu?

Ukipima hivyo utaona pia kuwa masafa yanabadilika ilhali miji haiondoki ilipo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita kama 450, na kwa muda mrefu basi lilizichukua kwa mchana mzima au karibu yake, mtu akafika Dar es Salaam usiku, boti zimekwisha, akalala mjini akangoja asubuhi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya inazikata kwa muda wa kama saa nne, na mwanafunzi anayeondoka Dodoma alfajiri anaweza, mambo yakimwendea sawa, kula cha usiku Unguja. Mzazi aliyekata shauri juu ya Dodoma kwa habari alizozipata kwa mtoto wa jirani aliyesoma huko miaka kumi iliyopita anapima kwa kipimo kilichokwisha muda wake.

Nimesema kuwa wengi wa walipaji hawaitwi kikaoni, na sasa niwataje. Wa kwanza ni mdogo wake msafiri, hasa akiwa wa kike. Siku ile kaka au dada anapoondoka, kazi zake hazisafiri naye. Maji yatachotwa na mtu, bibi atapelekwa hospitali na mtu, duka litafunguliwa na mtu, na mtu huyo aghalabu ni mtoto wa kidato cha pili ambaye naye ana mtihani mbele yake, na ambaye hakuna aliyemwambia neno ila kwamba sasa wewe ndiye mkubwa. Nimeona nyumba iliyotoa mhandisi kwa kumpoteza mwalimu, kwa maana mdogo aliyebeba nyumba alifeli mwaka ule ule ambao mkubwa alifaulu, na katika sherehe ya mahafali hakuna aliyekumbuka kuwa shahada ile ilikuwa na wenyewe wawili. Wa pili ni mama, ambaye mara nyingi hukubali kwa ulimi kwa kuwa baba amekubali, kisha akakaa miezi bila ya usingizi. Na wa tatu ni karo ya wadogo, ambayo huliwa kidogo kidogo na mahitaji ya ghafla ya aliye mbali, leo elfu kumi za vitabu, kesho ishirini za dawa, mpaka mwaka wa pili unapoingia skuli ya mdogo inadai na baba hajui fedha zilikwenda wapi.

Juu ya mabinti nina la kusema zaidi, kwa kuwa neno mbali linapotajwa kwao huwa na uzito usiotajwa kwa ndugu zao wa kiume. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1927, na kwa nyumba nyingi za wakati ule kumtoa binti mlangoni mpaka darasani, ndani ya mji ule ule, kulikuwa ni safari ya kuhofiwa. Walioruhusu ndio waliotupa walimu wa kike, wakunga na wauguzi ambao hakuna leo anayejuta kwamba walitoka. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya safari ya mwanamke asiyefuatana na maharimu, wapo wanaoizuia kabisa na wapo wanaoiruhusu njia ikiwa na amani na wenzi wakiwa wa kuaminika, na kila familia ifuate ilichoridhika nacho katika dini yake. Ninaloliomba ni kwamba hoja ya dini isivishwe juu ya hoja nyingine. Nimemjua binti aliyezuiwa Dar es Salaam kwa sababu ya umbali, na mwaka uliofuata akaozwa Muscat, na katika mashauri ya arusi umbali wa Muscat haukumtia mtu wasiwasi hata mmoja. Namtakia kheri katika nyumba yake. Lakini wazee wake waliyazuia masomo, na umbali ukachukua lawama, na binti mwenyewe alilijua hilo. Mzazi mwenye hofu ya kweli huuliza maswali ambayo yanaweza kujibiwa: atalala wapi, chumba kimoja na nani, atasafiri na nani, akiumwa saa nane za usiku nani atafungua mlango, na yakijibiwa, hutoa idhini.

Baada ya hayo ndipo lije somo lenyewe, ambalo ilikuwa haki yake litangulie, na ambalo kwa bahati mbaya hutajwa mwisho. Maana liko somo linaloamua masafa peke yake. Anayetaka uhandisi mkubwa au kilimo bado ana sababu nzuri ya kuvuka, wa kwanza kwenda Mlimani na wa pili kwenda Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kipo tangu 1984. Anayetaka udaktari, ambaye zamani hakuwa na njia ila kuondoka, amepata tangu 2007 mafunzo hapa hapa Unguja, yaliyoanza kwa msaada wa walimu kutoka Cuba. Na yako masomo ambayo bara ndiyo inayotufuata sisi: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa Unguja tangu miaka ya 1970, na wageni wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi wamekuwa wakipanda ndege kuja kujifunza Kiswahili Vuga. Basi kijana wa Mkunazini anayetaka elimu ya bahari, kisha akatafuta chuo cha mbali kwa sababu jina lake linasikika vizuri barazani, na aulizwe anafuata nini.

Na ikiwa jawabu lake ni kwamba somo ni lile lile, ila anataka kukaa na watu wengine, nami ningesema kuwa hilo ni jawabu la heshima, lisikataliwe kwa pupa. Kisiwa kina malezi yake mazuri, lakini kina udogo wake pia: mtu hujulikana tangu kuzaliwa, kwa jina la baba yake na kosa la ami yake, na hakuna anayemwuliza yeye ni nani. Kulala chumba kimoja na Mnyakyusa, Mhaya na Mgogo, kusikia dini nyingine ikisaliwa na mwenye kuiamini, kuumwa na baridi ya Juni ya Dodoma bila ya shuka la kutosha, kujua kwamba Kiswahili chako kinachekwa na kuhusudiwa kwa wakati mmoja, hayo ni mambo ambayo hayafundishwi Tunguu, na Muungano wetu huu utazidi kupata nguvu kwa vijana waliowahi kuazimana sufuria kuliko kwa hotuba. Ninayo imani hiyo kwa dhati. Ila ni imani ambayo thamani yake hailingani kwa kila nyumba, na nyumba ya mjane mwenye watoto watano isilazimishwe kuinunua.

Ng'ambo ya mbali inataka tahadhari ya namna nyingine, kwa kuwa huko mwenye kuamua kurudi si nauli peke yake. Waliokuwa wakisoma Cairo na London Januari 1964 walisikia habari za Mapinduzi wakiwa katika vyumba vyao vya masomo, na wako miongoni mwao ambao hawakurudi kuishi nyumbani tena, wala nyumba waliyoiaga haikuwa ile ambayo wangerudi kuikuta. Na watoto wetu waliokuwa Khartoum, mji ambao kwa miaka mingi umewavutia wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa ajili ya Kiarabu na elimu za dini, walilala salama usiku mmoja wa Aprili 2023, na siku ya tarehe 15 wakaamka katikati ya vita, wakatolewa kwa mabasi na ndege wakiacha vyeti na vitabu. Sitoi mifano hii ili kumzuia mtu, kwani elimu imekuwa ikifuatwa hivyo hivyo tangu enzi za mababu zetu, na mwenye azma atakwenda. Ninachotaka ni kwamba aendaye ajiandikishe kwenye ubalozi wetu siku ya kwanza, pasi yake ya kusafiria isikae mikononi mwa mtu mwingine, na nauli yake ya kurudi ibaki nyumbani kwa mtu mmoja mwaminifu, isiguswe kwa jambo jingine lolote, hata kwa arusi.

Basi kikao na kiitwe mapema, kabla ya siku za kuthibitisha hazijaanza, na kijana asemeshwe kwanza, kwa kuwa wazee wakitangulia yeye hatosema ila naam. Apigiwe simu mwanafunzi aliyeko huko sasa, siyo aliyemaliza zamani, aulizwe maji ya dakhalia hutoka siku ngapi kwa wiki, bumu la muhula uliopita liliingia tarehe gani, na alipougua mara ya mwisho alikwenda wapi na nani alimsindikiza. Mama aulizwe akiwa peke yake, siyo mbele ya wanaume. Na yule mdogo wa kidato cha pili aitwe naye akae juu ya mkeka pamoja na wakubwa, zisomwe kazi zote za anayeondoka moja baada ya moja, na kila moja itajwe itashikwa na nani. Zile zitakazomwangukia yeye aambiwe, aulizwe kama ameridhia, na zile asizoziweza apangiwe mtu mwingine kabla ya begi halijafungwa.